Simba Aliyelelewa kwa Matusi

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza katika Ugogo wote kumnyonyesha simba. Andika hivyo hata kwenye jiwe. Ila ukishaandika, ongeza pembeni kwa herufi ndogo kwamba iliyonyonyesha hasa ni chupa, maziwa yalikuwa ya mbuzi wa mama mkwe wangu, na siku ya kwanza mimi nilikuwa nimesimama juu ya meza nalia.

Simba mwenyewe alikuwa na ukubwa wa paka aliyeshiba. Walimleta ndani ya gunia la alizeti. Mama yake aliua ng'ombe huko porini, wenye ng'ombe nao wakamuua yeye, kitoto kikabaki kinalia kwenye kichaka. Aliyekipokea ni mzee Bartolomayo, tajiri wetu wa hapa Zuzu, ambaye alistaafu kazi ya kujenga barabara akaamua kufuga kila kitu ambacho Mungu alikusudia kikae mbali na watu: fisi, chatu, mbuni, na nyani wawili waliokuwa mke na mume halafu wakaachana. Kibali alikuwa nacho, uzio alikuwa nao, na bango kubwa barabarani lenye picha ya simba dume, wakati simba hakuwa naye hata mmoja. Kwa hiyo gunia lile lilimfaa. Alikosa tu mtu wa kukilisha kile kitoto, na mimi nilikuwa napita na ndoo yangu ya maziwa. Ndivyo nilivyopata kazi. Sikuulizwa cheti.

Wiki ile ile akaajiriwa Bushiri. Bushiri ni Mwislamu wa Makole, alikuwa akifundisha mbwa wa ulinzi. Babu wa babu yake alitoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani, akafika Dodoma, akaitua chini apumzike, na hajainyanyua mpaka leo. Sasa, asiye wa huku aelewe kitu kimoja: Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Zamani wao walikuwa wanapita kwetu na mizigo na kiu, sisi tulikuwa na visima na tulitaka ushuru. Waligombana hadi wakachoka, wakaona heri wageuze ule ugomvi uwe mzaha, watukanane mpaka mwisho wa dunia bila mtu kukasirika.

Basi Bushiri alinikuta nimekaa kwenye kigoda, kitoto cha simba mapajani.

"Mbukwa," nikamsalimia kwa Kigogo, kwa adabu zangu zote.

Hakuitikia. Akamgeukia mzee Bartolomayo. "Mzee, uliniambia kuna simba mmoja. Huyu wa pili mwenye masikio yaliyotobolewa yakaning'inia mbona hukunitajia?"

"Na wewe," nikamwambia, "kichwa kimekuwa bapa hivyo, babu yako alibebea pembe au alibebea nyumba?"

Mzee Bartolomayo akashusha pumzi. "Aa. Basi mmeshajuana."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na hivyo ndivyo yule mtoto alivyokua. Watu wanadhani kumlea simba ni ushujaa. Ni uchafu. Mtoto wa simba mdogo hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba tumbo na makalio mpaka mkojo utoke. Kwa kuwa hatukupata mtu wa kujitolea kulamba, mimi nilichukua kitambaa cha maji ya uvuguvugu nikawa nampangusa kila akimaliza chupa. Bushiri alikuwa akisimama mlangoni anaangalia.

"Mgogo, hii kazi umeisomea wapi?"

"Sijasomea. Najifunzia kwa huyu nije kukufanyia wewe ukizeeka."

"Nikizeeka utakuwa umeshaoza."

"Nitafufuka nije nikupanguse."

Kitoto kinasikia yote hayo, macho yamefumba, tumbo limejaa, kinanguruma kama mashine ya kusaga ya mbali.

Alipokua akawa hapakatiki tena, Bushiri akachukua usukani. Alikuwa na fimbo ndefu yenye kibuyu kidogo nchani. Simba akigusa kibuyu kwa pua, anapewa kipande cha nyama kupitia nondo. Hiyo ndiyo elimu yote, mengine ni kurudia. Kwa kibuyu kile alimfundisha kukaa, kusimama kwa miguu ya nyuma akaegemea nondo ili tumbo lionekane, kupanua kinywa meno yakaguliwe, kutoa mguu ukatwe kucha iliyopinda. Hakumchapa hata siku moja. Alikuwa akisema simba ukimchapa unamfundisha kitu kimoja tu, kukusubiri.

Lakini somo kubwa lilikuwa la mlango. Jioni simba lazima atoke uwanjani aingie chumba cha ndani, ili uwanja usafishwe na sisi tulale usingizi. Mlango wa chumba ulikuwa bati zito la kuteremka, linavutwa kwa waya. Mimi nilikuwa nakaa upande wa dirisha la chumba na beseni la nyama. Bushiri alisimama upande wa pili ameshika waya. Na kwa kuwa tumetazamana, na hatuna la kufanya mpaka simba aamue, tulikuwa tunatukanana. Mimi naanza na kichwa chake, yeye anarudisha kwa masikio yangu, tunapita kwa wajomba na mashangazi, tunafika kwenye mlenda na jinsi Wagogo tunavyoula kama watu waliofukuzwa na ng'ombe. Hapo simba anaingia. Bati linashuka. Kazi imekwisha.

Alikuwa jike, na alikuwa na majina matatu. Bangoni aliandikwa Malkia. Bushiri alimwita Mgogo, ili akimwambia "Mgogo, toa mguu," mimi nisikie. Mimi nilimwita Mnyamwezi, kwa sababu hiyo hiyo. Yeye hakuitika jina lolote kati ya hayo.

Tulichelewa kugundua alichokuwa anaitika. Ilikuwa Ramadhani. Bushiri akifunga hufunga kweli, na ulimi nao. Jioni ile nikaanza, "Wewe kichwa bapa," yeye akatazama chini, akasema kwa upole, "Nimefunga, dada Penina." Dada! Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Na simba naye alihisi, maana alisimama katikati ya uwanja, akatuangalia mmoja mmoja, akakaa. Beseni la nyama hili hapa, harufu inakwenda mpaka stesheni, yeye kakaa. Tukapiga bati, tukatikisa kibuyu, wapi. Adhana ya magharibi ikaingia. Bushiri akala tende yake, akanywa maji, akajifuta mdomo, akasema, "Haya, sasa. Wewe bibi kizee uliyetobolewa masikio ili upepo upite usikuangushe—"

Simba akanyanyuka, akaingia ndani.

Tulicheka mpaka nikashika uzio. Bushiri akasema, "Penina, tumemfundisha vibaya huyu. Siku mmoja wetu akikosekana itakuwaje?" Nikamwambia siku akikosekana yeye nitaazima Mnyamwezi mwingine, wamejaa tele. Mwezi mzima ule simba alikula baada ya futari, na biashara ya kumfundisha upya tukaahirisha. Tuliahirisha mpaka mjukuu wangu aliyezaliwa wakati ule akaota ndevu.

*

Mzee Bartolomayo alifariki mwaka jana. Watoto wake wako mbali, kila mmoja na shughuli zake, na hakuna aliyetaka kurithi fisi. Wanyama wakaondoka mmoja mmoja kwa utaratibu; hata wale nyani walisafirishwa gari moja, wamepeana migongo. Akabaki simba, kwa sababu ni mzee, na mzee hatafutwi na mtu. Meno mawili yalikuwa yamebaki vipande. Akinyanyuka asubuhi alianza miguu ya mbele, anasubiri kidogo, ndipo ya nyuma. Kama mimi.

Masika yakaja na hasira. Ukuta wa nyuma wa uwanja ukadondoka. Tukaziba kwa mabati, magogo na miiba, lakini nyuma ya miiba ile kuna nyumba za watu, na watoto wanapita kwenda shule. Ofisa wa wanyamapori akaja kuangalia. Anaitwa Abeli, kijana wa Bukoba, mwenye adabu kiasi kwamba alimpa shikamoo hata mwenye duka ambaye ni mdogo wake. Akasema bila kuzunguka: kuna bustani ya wanyama mkoa mwingine imekubali kumpokea, lori litakuja Alhamisi na kizimba cha safari. Akipakiwa, atamalizia uzee wake huko, kwenye uzio mzima na kivuli. Asipopakiwa, hawezi kubaki nyuma ya miiba.

"Hatabaki maana yake nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Bibi, itabidi apigwe risasi. Sipendi kusema, lakini ndiyo hivyo."

Alikuja pia daktari wa wanyama, msichana anayeitwa Sabrina. Alimsikiliza simba kwa ile mipira ya masikioni huku Bushiri akimshikisha kwenye nondo kwa kibuyu. Alisikiliza sana. Alipotoa mipira akasema moyo wake umechoka, sindano ya usingizi anaweza asiamke nayo. Njia nzuri ni moja: aingie mwenyewe. Chumba cha ndani kitatobolewa nyuma, kizimba kibandikwe hapo, aingie kama jioni zote, bati lishuke, afuate nyama mpaka kizimbani.

"Hilo tu?" Bushiri akacheka. "Daktari, hilo mbona hata huyu bibi anaweza, na unavyomwona hawezi kitu."

"Ataingia," nikasema. "Huyu mzee akifungua tu mdomo, simba hukimbilia ndani kwa aibu."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi Bushiri alianguka chooni kwake Makole. Kiharusi. Kikamchukua upande mzima wa kulia, na ulimi. Binti yake Salha, ambaye ni fundi cherehani, alimpeleka hospitali Mvumi, akanipigia simu analia. Mimi nilikuwa nimeshika beseni.

Jioni ile nilisimama dirishani peke yangu. Nikatukana. Nilimtukana Bushiri asiyekuwepo, kichwa chake, babu yake, pembe ya ndovu. Simba alikuja mpaka mlangoni. Akatazama upande wa waya, ambako alikuwa amesimama mlinzi tuliyemwomba msaada. Akamnusa kwa mbali. Akarudi uwanjani akalala. Jumatano hivyo hivyo. Nyama yake tulimrushia juu ya uzio, naye aliila bila furaha.

*

Alhamisi lori likaja saa mbili asubuhi. Kizimba kikabandikwa nyuma ya chumba, kikafungwa kwa minyororo. Salha naye alikuja, hakuwa amelala. Mabegani alikuwa na mtandio wa baba yake, sijui kwa nini. Labda nao ulikuwa njia yake ya kusaidia.

"Bibi," akasema, "ninayo video. Mtalii mmoja aliwarekodi mkigombana, akanitumia."

Tukaunganisha simu na spika ya dereva, tukaiweka upande wa waya. Nikakaa mahali pangu. Sauti ya Bushiri ikatoka, kubwa, safi, ya mwaka gani sijui: "Wewe Mgogo, ulizaliwa wakati wa njaa ukaona ndiyo desturi!" Nami nikajibu pale pale, nikampa yake. Simba alisimama. Masikio yakaelekea mbele. Nilimwona akija, polepole, miguu ile inauma, akapita katikati ya uwanja, akafika mlangoni, kichwa kikaingia, bega likaingia. Abeli alikuwa ameshika waya, tayari kuliachia bati. Simba akanyanyua pua kuelekea ile spika. Akavuta hewa. Akavuta tena. Sauti ilikuwepo, mwenyewe hakuwepo. Akatoa bega, akatoa kichwa, akaufuata uzio wote kwa ndani akimtafuta, halafu akaenda kukaa kwenye miiba, mgongo kwetu.

Tuliipiga ile video mpaka Salha akasema, "Basi, bibi. Basi." Mara zile nyingine simba hakugeuza hata sikio.

Dereva wa lori akatazama jua. Daktari Sabrina akatazama sanduku lake la dawa na hakulifungua. Nikaona wote wanasubiri mtu fulani awe na wazo, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, walikuwa wanasubiri langu.

"Abeli, mwanangu," nikasema. "Vaa mtandio huo wa Bushiri. Simama pale kwenye waya. Nitukane."

"Bibi?"

"Nitukane. Huyu anataka kusikia wawili, na mmoja awe na harufu ya Bushiri."

Abeli akavaa mtandio. Akasimama. Akakohoa. "Bibi... shikamoo."

"Marahaba. Tukana."

"Samahani sana, bibi. Wewe ni..." akatafuta, jasho linamtoka, "...ni mjinga kidogo."

Salha alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nilimwambia Abeli, mwanangu, mwana wa watu, nitazame masikio, nitazame meno, Mungu amekuwekea kila kitu hapa, okota unachotaka. Akajaribu. Alisema mimi ni mzee. Alisema mimi ni mfupi. Kisha akasema, "Bibi yangu mimi angenipiga," akavua mtandio. Sikumlaumu. Kwao na kwetu hakuna utani. Lile alilokuwa anaombwa kwake lilikuwa tusi kweli, na tusi la kweli lina sauti yake. Simba aliijua. Alinguruma kidogo, kama anayesema tusigombane.

Nikaenda upande wa waya mwenyewe. Nikavaa mtandio. Nikajitukana kwa sauti nzito, nikakimbia nikazunguka nyumba mpaka dirishani, nikajijibu kwa sauti yangu, nikakimbia tena. Umri wangu ule, kanga inadondoka. "Masikio ya ndoo!" Nazunguka. "Kichwa cha kinu!" Nazunguka. Watu walikuwa wamejaa kwenye uzio wa mbele, wengine walicheka, halafu wakaacha. Sijui nilikimbia mara ngapi. Najua kwamba kuna wakati nilifika dirishani nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka, na simba alikuwa anatazama, si mlango, ananitazama mimi, jinsi wanavyokutazama wanao wakikukuta unaongea peke yako.

Daktari akanishika mkono. "Bibi Penina. Kaa chini."

"Subiri hadi kesho."

"Lori ni la leo tu. Na ofisa ana amri ya risasi. Heri tujaribu sindano."

Nikamtazama Abeli. Abeli akatazama viatu vyake. Hakuna mtu mbaya pale, hilo ndilo lililonichosha. Ningempata mbaya mmoja ningemng'ata.

Daktari Sabrina alipima dawa kidogo kuliko inavyotakiwa, nilimwona akiirudisha nyingine kwenye chupa. Bunduki ya sindano ikalia kama kizibo. Simba aliruka, akageuka kuangalia paja lake, akanitazama. Alitembea. Alikuwa anaelekea mlangoni, nasema kweli, hatua zinapishana kama za mlevi, akakunja miguu ya mbele, akasubiri kidogo, ya nyuma ikafuata. Kichwa kilikuwa umbali wa mkeka mmoja kutoka kizingiti.

Tuliingia. Kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa nikamshika bila nondo katikati. Manyoya ya shingoni yalikuwa makavu, yana miiba. Daktari aliweka sikio kifuani, akasema "bado," akasema "bado," akachoma sindano nyingine ya kuamsha, akamsukuma kifua kwa mikono miwili pamoja na Abeli, wanahesabu kwa Kiingereza. Mimi niliinama kwenye sikio lake. Nikamwita Mnyamwezi. Nikamtukana yote niliyokuwa nimebakiza. Nikachukua kona ya kanga, nikatia maji ya chupa ya dereva, nikampangusa tumbo. Sikuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Daktari akaacha kusukuma. Abeli aliendelea peke yake kidogo, mpaka akaambiwa.

*

Salha alinishika barabarani kabla hatujapanda basi la kwenda Mvumi. "Bibi, hospitali wamesema asipate mshtuko. Kipindi hiki kikipita atakuwa na nafuu, ila sasa hivi hapana. Tafadhali."

"Mimi mtu wa kusema uongo? Mimi Mwanglikana."

"Bibi."

"Nitausema vizuri," nikamwambia.

Nikanunua mfuko wa zabibu. Mtu akienda kumwona mgonjwa hupeleka matunda. Mtani akienda kumwona mgonjwa hupeleka matunda akayala mwenyewe kitandani mbele yake, na mgonjwa akitaka anyang'anye. Hiyo ndiyo dawa yetu. Bushiri na mimi miaka yote ile hatujawahi kupeana kitu mkononi, hata chumvi. Tulikuwa tunaporana.

Alikuwa kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume, mdomo umekwenda upande. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia, yanatoka kwenye kona moja ya mdomo, moja moja, kama watu wanaotoka mlango mwembamba.

"Mnyamwezi," nikasema, nikavuta kiti. "Nimeambiwa unakufa, nimekuja kuchukua baiskeli."

Jicho lake moja likacheka. "Haina... tairi."

"Basi usife."

Nikafungua mfuko nikaanza kula. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinishangaa. Nilimwambia mmoja wao asione ajabu, huyu ameumwa kichwa kwa sababu ni bapa, damu haina pa kupita. Bushiri akatikisika kitanda kizima. Salha, miguuni pake, akapumua.

"Simba," Bushiri akasema.

"Ameondoka."

"Aliingia?"

"Si aliingia! Wewe ulidhani bila wewe jua halichwi? Nilivaa mtandio wako, nikasimama kwenye waya nikajitukana, nikazunguka dirishani nikajijibu. Zamu ya tatu akaona aibu kwa niaba yangu, akaingia. Bati likashuka pwaa! Abeli alishika waya. Akafuata nyama mpaka kizimbani, akalala, anaramba miguu. Lori halijatoka hata getini ameshasinzia."

"Ulijitukana... nini?"

"Masikio ya ndoo."

"Hilo... la zamani."

"Lako jipya liko wapi? Umekaa hapa unalishwa uji."

Akacheka tena, mate yakamtoka, Salha akamfuta. Nilikuwa nimeusema vizuri. Nilijisikia nimeusema vizuri kiasi kwamba niliuona kwa macho, simba amelala kizimbani, anaramba miguu.

Bushiri alitazama dari. Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukatambaa juu ya shuka, ukafunguka.

"Nipe zabibu," akasema.

Nikampa.

Nilimwekea mfuko wote kifuani, nikamvuta shuka vizuri, nikamwambia, "Kula, Bushiri."

Hakula. Aliutazama ule mfuko ulivyopanda na kushuka kwa pumzi zake. Salha akageuka dirishani. Na mimi ndipo nikashtuka, nikanyoosha mkono kuunyakua, nikapaza sauti, "Mroho wewe, nani kakwambia ni zako!" Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshanikamata kifundo cha mkono, na vilikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Penina," akasema. "Alifia ndani... au nje?"